Ekzosi si Tarumbeta: Acheni Kulikata Gari la Mzee

Najua nimeadimika. Wiki hii majaribio yametuandama kama nzi wa machinjioni, na bado lipo andalio la somo ambalo mhadhiri wetu anataka liandikwe kwa mkono. Leo sitaongelea bumu wala foleni ya kafeteria. Naongelea bomba la moshi la gari, tena kwa hasira, kwa hiyo mniwie radhi mapema.

Kwa wasiojua kinachoendelea: mwenzetu mmoja, ambaye wengi mnamfahamu, karuhusiwa na mzee wake kulitumia gari la familia siku ya mahafali yake. Ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1969, injini ya 1500. Gari la kihistoria hasa. Ekzosi yake imeoza na ina matobo mpaka unaweza kuchungulia. Tukachanga elfu kumi kumi ili ibadilishwe, maana siku hiyo gari litabeba watu watano kwenda Morogoro, kama kilomita 190 kutoka hapa. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi umeletwa na mpango. Wapo wenzetu wawili waliokwisha kuongea na fundi, na makubaliano yao ni kwamba Jumamosi ekzosi yote ikatwe kwa grenda, sailensa itupwe, maboksi ya hita yatupwe, halafu lichomelewe bomba tupu lenye mdomo mpana ili gari "lingurume". Nimesikia hoja zao mezani, nimezisikia kwenye korido, jana usiku nimezisikia tena mpaka saa sita. Sasa nazijibu kwa maandishi ili asiwepo wa kusema sikusema.

Hoja ya kwanza: gari la zamani lazima lipige kelele.

Nani kawadanganya? Hilo gari halikutoka kiwandani likinguruma. Tangu katikati ya miaka ya 1950 Volkswagen hiyo inatoka na vibomba viwili vyembamba nyuma, chini ya bampa, na ndivyo vinavyoipa ile sauti ya mluzi ambayo wazee wetu wakiisikia kona ya mtaa wanajua nani anakuja. Mluzi ule ndio sauti yake. Yametengenezwa magari ya aina hii zaidi ya milioni 21, la mwisho likitoka kiwandani Mexico mwezi Julai 2003, na mamilioni ya watu duniani wanaitambua sauti hiyo hata wakiwa wamefumba macho. Halafu sisi, wanafunzi wa chuo, tunataka kuliondolea gari sauti yake ili lifanane na pikipiki iliyotobolewa. Mkisema mnapenda gari la kihistoria, pendeni na historia yake. Kama mnachotaka ni kelele, kodini tarumbeta. Matarumbeta mahafali yanaruhusiwa, tena yanapendeza.

Hoja ya pili: sailensa inabana pumzi, ukiitoa gari linapata nguvu.

Haya, tufanye ni kweli kidogo. Injini ya 1500 ya gari lile ina nguvu ya farasi 44 ikiwa mpya kabisa. Mpya! Yetu ina umri unaozidi nusu karne. Hata ukiiongezea farasi mmoja au wawili, unakwenda kumkimbiza nani Chalinze? Na nguvu wanazozisema wanamichezo hazipatikani kwa kukata bomba tu. Mirija hupimwa urefu na upana, kabureta inarekebishwa upya, kila kitu kinakwenda pamoja. Ukikata na kuchomelea kwa kukadiria kwa macho, unachopata ni kelele, na masikio yanakudanganya kwamba kelele ni kasi.

Gari hili liliwahi kushinda Safari ya Afrika Mashariki, mwaka 1954, 1957 na tena 1962, kwenye matope na mashimo ya barabara za enzi hizo. Halikushinda kwa kunguruma. Lilishinda kwa sababu ni jepesi, lina uzito nyuma kwenye magurudumu yanayosukuma, na halina rejeta ya kuchemka. Injini yake inapozwa na upepo. Hilo la upepo mlishike vizuri, maana nalirudia sasa hivi na ndiyo roho ya maneno yangu yote.

Hoja ya tatu, inayoniumiza zaidi: "Ekzosi ni bomba tu, bomba ni bomba."

Hapana. Kwenye magari mengi ya siku hizi ekzosi inapita chini, inatokea nyuma, basi. Kwenye Volkswagen hii ekzosi ni sehemu ya mfumo wa upepo wa gari zima. Sikilizeni kwa utaratibu, nitaeleza kama niko mbele ya kidato cha tatu.

Injini ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto. Moshi wa silinda mbili za nyuma unaingia moja kwa moja kwenye sailensa. Moshi wa silinda mbili za mbele unapita kwanza ndani ya maboksi mawili ya bati, moja kila upande, ndipo ufike kwenye sailensa. Maboksi hayo ndiyo hita ya gari. Feni kubwa iliyo juu ya injini inasukuma upepo, sehemu kubwa inapoza silinda, na sehemu nyingine inapita ndani ya boksi, ikizunguka bomba la moto lenye moshi, kisha inakwenda mbele kupitia mirija ya chini na kutokea ndani ya gari, miguuni kwa abiria. Vile vikono viwili pembeni ya hendibreki kazi yake ni kufungua na kufunga upepo huo.

Mmeona hatari ilipo? Kati ya moshi wa injini na pua ya abiria kuna ukuta mmoja tu wa bomba ndani ya boksi. Likitoboka kwa kutu, moshi unaingia kwenye upepo wa hita na unaletwa ndani kwa nguvu ya feni. Na hata boksi likiwa zima, kama kiungo kinavuja moshi chini ya injini na yale mabati yanayoizunguka hayapo, feni inanyonya moshi huohuo kutoka chumba cha injini na kuupeleka kulekule. Kwa hiyo kusema bomba ni bomba ni sawa na kusema mshipa ni mpira wa maji.

Na sasa naomba wenzangu wa kemia na baiolojia wasimame. Sisi ndio tunaosomea kwenda kufundisha hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inashikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Anadhani ni uchovu wa safari. Dereva naye anadhani amechoka. Hayo yote kila mmoja wetu aliyaandika kwenye mtihani akapata alama zake. Halafu tukitoka darasani tunakubaliana kuchomelea bomba kwa kukadiria chini ya viti vya watu watano! Elimu gani hii? Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, miaka miwili kabla gari hili halijatengenezwa, akilalamikia masomo yaliyokatana na kazi na maisha ya watu. Na sisi leo tunakariri himoglobini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto tukimlipa fundi akate.

Kuna aliyenijibu kwamba madirisha yatakuwa wazi. Ndugu yangu, dirisha wazi haliibi tobo wala halizibi tobo. Mvua ikinyesha mtayafunga. Tena nyuma ya kiti cha nyuma kuna kile kishimo cha mizigo ambacho watoto wanakipenda sana kukaa, na kipo jirani kabisa na injini. Safari ile inakwenda na mdogo wake mwenzetu wa miaka sita. Nani atamwambia mtoto asikae pale?

Mwingine kasema mzee amelipanda miaka yote hiyo hakufa. Kweli. Kwa sababu mzee aliliendesha likiwa na maboksi mazima, gasketi nzima na mabati yote mahali pake. Huwezi kutumia uzima wa mpangilio wa zamani kutetea ubovu wa mpangilio mpya.

Sasa nisije nikaambiwa napinga kila kitu. Nakubali jambo moja: Dar hii hakuna anayehitaji hita. Joto lenyewe tunalikimbia. Kuyaondoa maboksi na kuweka mabomba ya kawaida yaliyotengenezwa kwa ajili ya gari hili ni jambo linalofanyika, na si dhambi. Lakini lina masharti yake. Yale matundu mawili ya kwenye bati la feni yaliyokuwa yanapeleka upepo kwenye maboksi lazima yazibwe, la sivyo upepo wa kupoza injini unamwagika bure na injini inachemka. Mirija inayokwenda ndani ya gari nayo izibwe kabisa. Na mabati ya kuizunguka injini, pamoja na ule mpira wa pembeni, vibaki. Mabati hayo yanatenga juu na chini: juu feni inavuta hewa ya baridi, chini kuna ekzosi ya moto. Fundi akiyatupa kwa sababu "yanasumbua kufunga," feni inavuta joto la ekzosi na kulirudisha kwenye silinda. Halafu injini ikifa tutasema gari la zamani halina maana.

Kwenye mpango wa Jumamosi, nani kataja kuziba matundu? Hakuna. Nani kataja kale kabomba kembamba kanakotoka kwenye sailensa kwenda kupasha joto manifoldi chini ya kabureta? Hakuna. Kakikosekana, asubuhi ya baridi ukikanyaga mafuta gari linakwamakwama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali akiwa anasinzia. Morogoro mjini mtavumilia. Ila mzee kwao ni Lushoto, na gari litarudi kwake. Jamani, gari si letu!

Hoja ya nne: kukata ni haraka, kufungua nati ni kupoteza siku.

Hapa ndipo naona uvivu umevaa koti la ujuzi. Ekzosi nzima ya gari hili imeshikwa kwenye injini na nati nane, mbili kwa kila silinda, pamoja na klampu na boliti ndogo za kale kabomba nilikokataja. Spana ya 13 inafanya sehemu kubwa ya kazi. Kama nafasi ni ndogo, injini yenyewe imeshikwa kwenye giaboksi na boliti na nati nne. Nne tu! Ukishachomoa nyaya, waya wa mafuta na mpira wa petroli na kuuziba, watu watatu na jeki nzuri wanaishusha, mnafanya kazi mkiwa mmekaa.

Shida ya kweli ni kutu. Stadi zile zimekaa na joto nusu karne. Ukizilazimisha zinakatika, na zimefungwa kwenye silinda hedi ya aloi laini. Ikikatikia ndani, unaanza kutoboa kwa drili, ukikosea katikati umeharibu hedi, na hedi bei yake ni bumu la mtu mzima. Kwa hiyo mnapaka mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia, mnapaka tena asubuhi. Mnalegeza kidogo, mnakaza kidogo, mnalegeza tena, taratibu, mpaka nati itii yenyewe. Ikigoma kabisa, inapashwa joto, lakini baada ya kuondoa petroli karibu, maana mpira wa petroli wa magari haya ukiwa umezeeka umeshachoma mengi. Subira tu, wala si uchawi.

Kukata kwa grenda pia kuna mahali pake. Sailensa iliyooza unaenda kuitupa, ukiikata katikati ili uifikie nati vizuri, sawa, hakuna anayekulilia. Kosa ni kukatia kwenye mdomo wa injini na kuchomelea hapo bomba jipya moja kwa moja. Ukishachomelea kila kitu pamoja, umemnyima haki mtu wa baadaye. Siku gasketi ikivuja, hakuna cha kufungua. Ni kukata tena, kuchomelea tena, kila mara chuma kinapungua. Ekzosi iliyofungwa kwa nati na klampu inasema: nitafunguliwa tena. Iliyochomelewa inasema: baada yangu mtajiju.

Na kurudishia nako kuna adabu yake. Gasketi mpya, kila moja, si ile ya zamani iliyopakwa gundi. Vyote vinashikizwa kwanza kwa nati zilizolegea, ndipo vinyooshwe vikae sawa, ndipo vikazwe kidogo kidogo pande zote. Bomba lisilokaa sawa usilivute kwa spana, litapasuka au litang'oa stadi. Kisha gari liwashwe likiwa la baridi, mpake maji ya sabuni kwenye viungo, povu likichemka mjue panavuja. Likishapata moto na kupoa, kazeni tena. Na mkisikia linapiga vipasuo mkiachia mafuta kwenye mteremko, msishangilie eti "linarusha risasi". Mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye kiungo kilicholegea. Linawaambia linavuja.

Hoja ya mwisho: pesa.

Hii naiheshimu, kwa sababu hakuna hapa mwenye pesa. Bomba tupu ni nafuu leo, sikatai. Lakini hesabu yenu imeishia Jumamosi. Wekeni na hedi ikiharibika. Wekeni na injini ikichemka Ruvu na gari la kuvuta. Wekeni na mzee akipokea gari lake limetobolewa sauti. Elfu kumi zetu zikitosha sailensa na gasketi tu, basi tununue sailensa na gasketi, maboksi tuyakague, yaliyotoboka tuyatoe na kuziba matundu. Zisipotosha, mahafali tupande basi. Basi lipo kila saa na hakuna aliyewahi kunyimwa shahada kwa sababu kashuka stendi.

Na tusimsingizie fundi. Huyo fundi anafanya tunachomwomba. Sisi ndio tunamfikia saa nne tukitaka gari saa nane, sisi ndio tunamwambia "weka chochote, ila lilie". Fundi anayelipwa kwa haraka anatoa haraka. Nimekaa na mafundi wa kutosha kujua kwamba ukimwambia mtu, fungua nati zote, usikate, nitakulipa siku mbili, wengi wanafurahi, kwa sababu hatimaye kaombwa ufundi badala ya nguvu. Sisi tunaojiita wasomi tumewazoesha vibaya, halafu tunawacheka kwamba hawakusoma.

Haya ndiyo ninayotaka, na nayaweka wazi ili tupige kura kesho jioni nje ya bweni. Moja, fundi aambiwe leo kwamba kazi ya kukata imefutwa. Mbili, mafuta ya kutu yanunuliwe, na wawili kati yetu waende kupaka Ijumaa usiku. Mimi nimo, nipeni jina la mwingine. Tatu, mzee apigiwe simu, asalimiwe vizuri, aelezwe kinachobadilishwa na aulizwe kama anaridhia, maana mpaka sasa hajui chochote na hilo peke yake ni aibu. Nne, mtoto hakai kwenye kishimo cha nyuma, ekzosi iwe mpya au ya zamani.

Mkinishinda kwa kura, mtanishinda. Ila siti yangu kwenye hilo gari mpeni mwingine, na mumwambie mnachompakia. Wa kunijibu anijibu kwa hoja, ile ya "wewe mwanamke unajua nini kuhusu gari" nimeshaisikia mara tatu wiki hii na haijaziba tobo hata moja.

Naomba kuwasilisha. Nikalale, kesho nina jaribio la saikolojia ya elimu saa moja asubuhi.